Je, wajua kwa nini seva hukusahau kila inapokujibu?

Fungua ukurasa wa tovuti yoyote, kisha bofya kiungo kinachokupeleka ukurasa mwingine. Kwako wewe hiyo ni safari moja. Kwa seva, yaani kompyuta inayokuletea kurasa hizo, aliyebofya ni mgeni ambaye haijawahi kumwona: ilishakujibu, ikamaliza, ikakusahau. Wala si hitilafu. Mambo yamepangwa hivyo, na sababu zake zimeelezwa vizuri sana katika tasnifu ya uzamivu ya Roy Fielding, iliyokamilishwa Chuo Kikuu cha California, Irvine, mwaka 2000.

Fielding hakuwa msomi wa kukaa maktaba tu. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha mwaka 1995 mradi wa Apache, programu ya kuendeshea seva za tovuti, na ni mmoja wa waandishi wa HTTP/1.1, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva) iliyotolewa 1997 na kurekebishwa 1999. Kwa hiyo tasnifu yake inaeleza masharti ambayo tayari alikuwa akiyatumia kazini kuamua lipi liingie kwenye itifaki na lipi likataliwe. Mtindo huo wa usanifu aliuita REST, na sharti lake mojawapo ndilo hili la kusahau.

Chukua duka la Mangi mtaani kwenu. Mangi ana daftari la madeni, anajua unachukua unga gani na ulibakiza shilingi ngapi. Raha tupu, hadi siku Mangi asafiri kwenda Moshi na daftari akaliacha kabatini. Kijana aliyemshikia duka hakujui, na duka la jirani halikujui zaidi. Sasa mfikirie mama mjamzito na kadi yake ya kliniki. Uzito, presha, chanjo, tarehe za mahudhurio, vyote vimo kwenye kadi, na kadi anayo yeye. Leo akipimwa na muuguzi huyu, mwezi ujao na mwingine, kazi inaendelea palepale ilipoishia.

REST inataka kila ombi, yaani ujumbe unaotumwa kwa seva kila unapobofya, liwe kama mama huyo: lije na kila kitu kinachohitajika ili lieleweke. Likija hivyo, seva yoyote inaweza kulijibu. Siku matokeo ya mtihani yanapotangazwa na nchi nzima inakimbilia tovuti moja, mafundi wanaweza kuongeza seva kumi mpya, nazo zikaanza kazi papo hapo bila kuulizana nani alifika na anataka nini. Moja ikifa, ombi linalofuata huenda kwa nyingine. Moja ikitakiwa kubadilishiwa programu, inatolewa kwenye mstari, inatengenezwa, inarudishwa, na wewe uliye na simu mkononi hujui lolote.

Bila shaka kuna gharama, na Fielding mwenyewe anaitaja: taarifa zilezile hurudiwa katika kila ombi, jambo linaloulemea mtandao. Mama naye huchoka kubeba kadi. Lakini kadi ikibaki kwa muuguzi mmoja, kliniki nzima itamtegemea huyo.

Utauliza, mbona ukishaingia kwenye akaunti yako tovuti inakukumbuka? Hapo ndipo vidakuzi huingia, vile vipande vidogo vya taarifa ambavyo seva hukikabidhi kivinjari chako, nacho kikavirudisha kwa kila ombi. Fielding hakuvipenda, na tasnifu inavikosoa waziwazi. Kasoro moja anayoitaja nadhani wengi tumeshakutana nayo: unabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, ukurasa wa zamani unatokea, ila kidakuzi hakijarudi nyuma pamoja nawe. Unachokiona na kile seva inachoambiwa haviendani tena. Alishindwa vita hiyo, maana leo vidakuzi viko kila mahali.

Hata hivyo, wazo la ombi linalojitosheleza lilishinda. Safaricom ilipozindua Daraja mwaka 2017, mlango ambao watengeneza programu huupitia kuunganisha mifumo yao na M-Pesa, ilifuata njia hiyohiyo. Duka la mtandaoni linalotaka kumtumia mteja ombi la malipo hupata kwanza tokeni, yaani kitambulisho cha muda, yenye uhai wa takriban saa moja, kisha huibeba katika kila ombi linalofuata, kama kadi ile ya kliniki.

Je, hiyo ni REST kamili? Kwa kipimo cha Fielding, hapana. Mwaka 2008 aliandika kwa hasira kidogo kwamba watu wanakiita REST kila kinachopita juu ya HTTP, ilhali wameacha sharti muhimu: programu inayoomba huduma isikariri anwani, bali iongozwe na viungo vilivyomo ndani ya majibu inayoyapokea. Kivinjari hufanya hivyo tangu zamani. Hakijui ramani ya tovuti yoyote. Kinapewa ukurasa, kinakuonyesha viungo, unachagua. Programu ya duka, kinyume chake, huandikiwa anwani za malipo na fundi aliyezisoma kwenye mwongozo. Tovuti ikihamisha kurasa zake na kurekebisha viungo, kivinjari chako hakihitaji kuguswa. Anwani za malipo zikibadilishwa, mwenye duka atamtafuta fundi wake, na aombe apokee simu.