Mtungi wa mzamiaji si wa oksijeni

Mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, mzamiaji akipita na mtungi mgongoni utasikia, "Yule kabeba oksijeni." Hapana. Mna hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa kwa kompresa: oksijeni asilimia 21, iliyobaki karibu yote naitrojeni. Oksijeni tupu ingemdhuru. Ukipita kina cha mita 6 hivi, mgandamizo wa maji huigeuza sumu iwezayo kuleta degedege, na degedege chini ya maji ni kuzama. Na samaki wa rangirangi wa majabali ya ziwa hili, ambao mzamiaji huwafuata, wapo hata chini ya hapo.

Naitrojeni nayo ina yake: ukipanda haraka hutoa mapovu mwilini, kama soda iliyofunguliwa. Na ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, kwa hiyo majedwali ya kuzamia baharini, yale yanayoonyesha kina na muda ulio salama, hayatumiki hapa bila kurekebishwa.