Dhahabu haikuyeyuka, imeliwa

Juzi nimekaa pembeni nasikiliza watu wawili wanabishana mpaka mate yanaruka, mmoja anasema dhahabu ya kweli haiyeyuki hata uimwagie asidi, mwenzake anasema acha uongo dhahabu zote zinayeyuka, kaona fundi anaiyeyusha kwa macho yake. Kinachoniudhi ni kwamba hawakuwa wanabishana chochote, neno moja tu wamelibebesha mizigo miwili.

Kuyeyuka ni kitu kigumu kugeuka majimaji kwa joto, basi. Barafu, nta, samli, na dhahabu ikifika nyuzi 1064 za Selsiasi, fedha kama 962, platinamu inasubiri mpaka 1768. Ikipoa ni dhahabu ileile, hata ukairudia mara mia.

Sasa Kiswahili chetu cha kila siku kinasema sukari nayo "imeyeyuka" kwenye chai, na mwenye madeni akitoweka "kayeyuka". Ile sukari hata kwenye maji baridi inapotea, joto linaiharakisha tu, imesambaa ndani ya maji. Vitabu vya kemia vina neno lake, kumumunyuka, na yale maji yenye kitu ndani ni mmumunyo. Watu wanalicheka eti la darasani wakati limetoka mdomoni kabisa: kumumunya ni kula pipi bila kutafuna, unaizungusha ulimini inapungua yenyewe mpaka inaisha. Tumeacha neno zuri hivyo tunaganda na yeyuka yeyuka.

Ila kwa asidi hata kumumunyuka hakutoshi. Maji ya sukari ukiyakausha sukari inarudi, asidi iliyopita kwenye dhahabu ukiikausha unabaki na chumvi ya dhahabu, yaani dhahabu iliyoungana na kitu kingine, siyo dhahabu yenyewe.

Tena siyo kila asidi. Ya nitriki inakula fedha na shaba ila dhahabu safi inaiacha, ndo maana fundi anakwaruza kidogo pasipoonekana anadondosha tone, likichemka na kutoa ukijani ujue ndani ni shaba iliyopakwa dhahabu juu juu. Ya haidrokloriki peke yake nayo haiwezi. Ukizichanganya, sehemu 3 za haidrokloriki kwa 1 ya nitriki, ndo mambo yanabadilika: nitriki inanyang'anya dhahabu elektroni zake, kloraidi iliyotoka kwenye haidrokloriki inaidaka hapohapo kabla haijarudi ilikotoka. Mchanganyiko huo kwa Kilatini unaitwa aqua regia, maji ya kifalme, kwa sababu unamshinda mfalme wa metali. Cha kuchekesha, fedha inausumbua mchanganyiko huohuo, inajivika utando wa kloraidi ya fedha na kazi inakwama.

Mwaka 1940 Wajerumani wa Hitler wanaingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kwenye taasisi ya mwanafizikia Niels Bohr kulikuwa na medali za dhahabu za tuzo ya Nobel za wanafizikia wa Kijerumani Max von Laue na James Franck, zina majina yao, na kutoa dhahabu Ujerumani wakati huo lilikuwa kosa kubwa. Mkemia wa hapo, George de Hevesy, akawaza kuzifukia, Bohr akakataa, zingefukuliwa. De Hevesy akazitia kwenye maji ya kifalme. Angezitia moto angebaki na donge la njano linalojitangaza lenyewe, lakini yeye akabaki na chupa za maji ya rangi ya chungwa, zikakaa rafuni vita nzima hakuna aliyezigusa. Baadaye dhahabu ikatolewa humo na medali zikatengenezwa upya.

Na kuitoa ni kazi ya kemikali nyingine, inashuka chini unga wa kahawia, ukiuona utadhani tope. Ule unga ndo unapelekwa motoni sasa, na hapo ndo neno kuyeyusha linapoingia kihalali.

Kwa hiyo wanaosema "asidi imekula" wako karibu na ukweli kuliko wanaosema imeyeyusha, mi nawaunga mkono. Na wale wa "pete yangu imeungua" kwa sababu imetoka motoni nyeusi, taratibu jamani, dhahabu haiungui, ile ni shaba iliyochanganywa humo imeshika oksijeni. Fundi anailoweka kwenye asidi hafifu ya moto moto, asidi inakula ule weusi, pete anakurudishia inang'aa.