Tasnifu ya historia si kazi ya kunakili: dhana potofu kuhusu utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza

Wanafunzi wa historia wanapofika mwaka wa tatu na kutakiwa kuchagua mada ya tasnifu, ushauri unaozunguka mabwenini huwa ni ule ule: chukua kitu chepesi, tafuta kazi ya mwaka jana, badilisha jina la wilaya, maliza mapema. Wanaoshauriana hivyo si wavivu. Wameaminishwa kwamba utafiti wa kweli unaanzia kwenye uzamivu, na kwamba wao wanafanya zoezi tu la kupata alama. Imani hiyo inatunyima historia nyingi, hasa ile inayohusu madaraka, utambulisho na utamaduni, ambayo kwa sehemu kubwa imo vinywani mwa watu na kwenye mafaili ambayo hakuna anayeyafungua. Nitatoa mifano ya Tanzania Bara na Zanzibar.

"Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hawezi kupata jambo jipya"

Mwaka 1968 chuo kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake wa historia vijijini kwenda kuwahoji wazee kuhusu vita vya Majimaji, vita vya wenyeji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Mradi uliongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Vita vilikuwa vimeanza mwaka 1905, kwa hiyo walioviona kwa macho walikuwa wazee sana, ila walikuwepo. Ripoti za wanafunzi hao zilikusanywa pamoja mwaka 1969, na hadi leo anayeandika kwa uzito kuhusu Majimaji hawezi kuziruka. Wale wazee hawapo tena. Kama kazi hiyo ingewekwa kiporo mpaka wapatikane watu wenye shahada ya tatu, kauli zao zingezikwa pamoja nao.

Na kilichokusanywa hakikuwa cha kujazia kurasa. Kabla ya hapo, maelezo yaliyotawala yalitokana na wakoloni wenyewe. Gavana Götzen, aliyekuwa madarakani vita vilipozuka, alichapisha kitabu chake mwaka 1909, na humo waganga na imani ya dawa ya maji wanabeba lawama kubwa. Wazee waliohojiwa walianzia kwingine: pamba ya lazima, kiboko, kodi, na akida, yaani wakala wa Wajerumani, anayesimamia shamba ambalo mavuno yake hayamfikii mlimaji. Julai 1905 huko Nandete, kwenye milima ya Umatumbi, watu waliingia katika shamba la pamba wakang'oa mashina machache. Hayo tu yalitosha. Kila mtu pale alijua kwamba kung'oa pamba ya serikali ni kutangaza vita, na kwamba akida atakuja. Maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa dawa hiyo, yana nafasi yake kubwa katika kisa hiki, lakini hayaeleweki bila shamba lile.

"Kilichoandikwa ni ushahidi, simulizi ni hadithi tu"

Hii ndiyo dhana inayoharibu tasnifu nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Faili la serikali ya kikoloni limeandikwa na mtu mwenye kazi, mkubwa wake na kitu cha kuogopa. Gavana anayekiri kwamba watu wameasi kwa sababu ya dhuluma za utawala wake anajishtaki mwenyewe. Akisema wamedanganywa na waganga, anapona. Idadi ya waliokufa nayo imepita katika mikono hiyo hiyo: makadirio ya Wajerumani yalitaja watu 75,000, wakati Gwassa, baada ya utafiti wake, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala. Mwanafunzi anayenakili tarakimu ya kwanza bila kuuliza nani alihesabu, na njaa ya miaka iliyofuata aliiweka wapi, ameirithi hesabu ya mshindi.

Lakini usikimbilie upande wa pili ukadhani kwamba simulizi haihojiwi. Mahojiano ya 1968 yalifanyika mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, katika nchi changa iliyokuwa ikitafuta mizizi ya umoja wake. Swali lililotangulia mbele lilikuwa namna makabila mengi yalivyoungana dhidi ya Mjerumani, na jibu likaja kwa umbo la swali. Yaliyopwaya ni mengi. Wahehe hawakujiunga na vita. Ungoni wenyewe haukuwa na kauli moja. Wanawake karibu hawaonekani. Baadaye watafiti walirudi kwenye vyanzo hivyo na vingine wakiwa na maswali mapya. Thaddeus Sunseri, kwa mfano, mwaka 1997 aliandika kuhusu Uzaramo akionyesha jinsi wanaume walivyochukuliwa kufanya kazi kwingine, wanawake wakabaki peke yao kulinda mazao dhidi ya nguruwe mwitu, na njaa na misuguano ya nyumbani ikawa sehemu ya vita.

Hili halipunguzi thamani ya kazi ya wale wanafunzi hata kidogo. Waliacha kumbukumbu iliyo wazi kiasi kwamba wengine wameweza kuihoji. Tasnifu yako ifanye vivyo hivyo: eleza ulimuuliza nani, kwa lugha gani, wapi, na nani mwingine alikuwa amekaa barazani akisikiliza. Bibi anayehojiwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji hatasema yale ambayo angeyasema jikoni kwake.

Kuna pia vyanzo vinavyosimama katikati. Abdul Karim bin Jamaliddini alivitungia vita hivyo utenzi kwa Kiswahili. Umeandikwa, lakini ni sauti ya mtu wa pwani ambaye si afisa wa Kijerumani wala mkulima wa Umatumbi, na ana msimamo wake. Chanzo cha namna hiyo kinafaa sana kwa mwanafunzi, kwa sababu anaweza kukisoma bila mkalimani.

"Historia ya madaraka ni historia ya watawala"

Orodha ya magavana na miaka yao haimwelezi msomaji kwa nini mtu wa kawaida alitii. Aliyekuwa na nguvu juu yake kila siku ni akida, jumbe (mkuu wa kijiji), karani wa kodi, baadaye mwamuzi wa baraza, yaani mahakama ya wenyeji. Utawala unaonekana pale ambapo agizo linakutana na mtu mwenye jembe. Mada ndogo kama kesi za baraza katika wilaya moja kwa miaka 10 inaweza kusema mengi kuliko sura nzima kuhusu sera za London.

"Kabila na asili ni vitu vya tangu zamani, havibadiliki"

Baada ya Donald Cameron kuwa gavana wa Tanganyika mwaka 1925, Waingereza walianza kutawala kupitia machifu, na sheria ya mamlaka za wenyeji ikafuata mwaka 1926. Mfumo huo ulihitaji kila eneo liwe na kabila lenye mipaka na mkuu wake. Wanyakyusa, waliokuwa chini ya machifu wengi wadogo bila mtawala mmoja, walijikuta wakihesabiwa na kuongozwa kama kundi moja. Si kwamba utambulisho wao ni wa uongo. Watu waliuchukua, wakaujaza maana yao, wakautumia kudai shule na ardhi. Kazi ya mtafiti ni kufuatilia mchakato huo.

Zanzibar inaonyesha jambo hilo wazi zaidi. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua kutoka makumi ya maelfu hadi elfu chache. Hakukuwa na tauni wala uhamaji wa kuwamaliza. Jina hilo lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na watu wakachagua kuitwa vingine, Washirazi wakiwemo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula ukatolewa kwa kufuata asili: walioandikwa Waafrika walipangiwa mahindi, wakati wengine walipangiwa mchele. Hapo jina kwenye karatasi likaamua kinachoingia sufuriani. Ukikutana na neno "kabila" kwenye jedwali la serikali, uliza kwanza mtu alipata nini au alikosa nini kwa kuandikwa hivyo.

"Utamaduni ni mada laini, ya wasiopenda siasa"

Siti binti Saad alizaliwa Fumba mnamo 1880, katika familia ya watumwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na sauti yake ikaenea pwani nzima kwa santuri. Mojawapo ya nyimbo zake inamhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke kisha akatoroka, huku mahakama ikiwafunga waliokwenda kutoa ushahidi. Huo ni uchambuzi wa sheria za kikoloni uliotolewa na mwanamke asiyejua kusoma, ukasikika katika nyumba ambazo gazeti la serikali halikuingia.

Mavazi nayo ni hivyo hivyo. Baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba, waliokuwa wakivaa merikani na kaniki, vitambaa duni vya watumwa, walianza kuvaa kanga, na wengine baadaye buibui. Picha za enzi hizo zipo. Mwanafunzi anayezipanga kwa miaka na kuangalia nani amevaa nini, na amesimama wapi kando ya nani, anasoma siasa ya uhuru wa watu ambao hawakuacha hata barua moja.

"Mafaili yote yako Ulaya, na mada zimeshaisha"

Mafaili ya Wajerumani na Waingereza yako Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na Zanzibar ina nyaraka zake Kilimani. Kinachohitajika ni kibali, barua ya chuo na subira, kwa hiyo anza kuvifuatilia mapema. Semista ni fupi. Magazeti nayo yana kurasa za barua za wasomaji ambazo bado zinasubiri msomaji makini: Mambo Leo la serikali kuanzia 1923, na Kwetu, lililoanzishwa na Erica Fiah mwaka 1937.

Kuhusu mada kwisha: Novemba 1973 serikali iliagiza kwamba watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya ujamaa kabla ya 1976 kwisha. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa amevuka 70, na mara nyingi anaishi pale pale alipohamishiwa. Sera tunayo, hotuba tunazo. Tulichonacho kidogo ni habari za mtaa mmoja, kijiji kimoja: nani alipanga viwanja, nani alipewa cha karibu na kisima, makaburi yaliyoachwa nyuma yanatunzwa na nani, na wanawake waliogawiwa shamba kwa jina la mume walifanya nini mume alipofariki. Mwanafunzi mwenye likizo ya wiki sita na daftari anaweza kuyapata hayo akiwa kwao.