Skrubu ya bawaba kwenye bunduki ya upepo: ikazwe kiasi gani?

Mteja aliniletea Weihrauch HW95, ile bunduki ya upepo ya Ujerumani inayokunjwa mtutu kwenye bawaba ili kubana springi yake (ndiko kukoki), akitaka nimbadilishie darubini. Risasi moja inatua kushoto, inayofuata kulia. Nilishika mtutu nyuma kidogo ya mdomo wake, nikausukuma pembeni kwa kidole gumba. Ukacheza, tena kwa mlio mdogo wa chuma kugonga chuma. Darubini ilikuwa nzima.

Fanya hesabu. Mtutu wa sentimita 40 ukicheza nusu milimita tu mdomoni, kwenye shabaha iliyo mita 25 umeshakosea kama sentimita 3. Wanaolenga kwa saiti za chuma hawaoni tatizo hili upesi, kwa sababu saiti zote mbili zimekaa upande wa mtutu na zinahama nao. Darubini imefungwa kwenye silinda, yaani mwili wa bunduki wenye springi. Mtutu ukihama, yenyewe inabaki ilipo, na ndiyo inayolaumiwa.

Kipimo changu ni hiki. Bunduki ikiwa haina risasi, naikoki, kisha nalegeza mshiko, mkono ukiwa bado umeuzunguka mtutu, nione kama utasimama popote katikati ya safari yake. Mtutu mzuri hubaki pale ulipouacha. Ukianguka kwa uzito wake, bawaba imelegea. Ukihitaji kuulazimisha, umekazwa kupita kiasi na washa, zile pete nyembamba za bawaba, zitalika. Kidole kikae mbali kabisa na kifyatulio, na mkono mwingine usiache mtutu hata sekunde moja. Springi ikifyatuka mtutu ukiwa wazi, mtutu hujifunga kwa nguvu inayoweza kuvunja vidole na kupinda chuma. Nakusihi, hili usilifanyie haraka.

Kukaza kwenyewe ni kazi fupi. Springi ikiwa imelegezwa, yaani bunduki haijakokiwa, vua kitako. Upande mmoja utaona kichwa cha skrubu chenye mfuo wa kuingiza bisibisi, upande wa pili nati inayoifunga. Legeza nati kwanza. Kaza skrubu kidogo kidogo, chini ya robo mzunguko kila mara, kwa bisibisi yenye ncha inayojaza mfuo wote, nyembamba itaukwangua. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, shikilia skrubu kwa bisibisi wakati unakaza nati kwa spana. Usipoishikilia itazunguka pamoja na nati, na kazi yako yote imeharibika. Mimi mwenyewe niliwahi kurudia bunduki moja mara nne kabla ya kuligundua hilo. Rudisha kitako ndipo upime tena, maana sikoki bunduki ikiwa haina kitako.

Kama mchezo wa pembeni hauishi hata skrubu ikikazwa mpaka mtutu unakuwa mgumu, acha kukaza. Hapo washa nyembamba zilizo kila upande wa bawaba zimelika, zinahitaji kubadilishwa.

Grisi ninayotumia ni ile nyeusi yenye molibdeni, tabaka jembamba kwenye washa na kwenye mwili wa skrubu, baada ya kufuta ile ya zamani. Iliyozidi ifute. Ikijipenyeza kwenye tundu la hewa nyuma ya mtutu huingia kwenye silinda, na joto la hewa inayobanwa huichoma: utasikia mlipuko mkali, utaona moshi, na sili ya pistoni, ile inayozuia hewa isivuje, ndiyo itakayoumia.

HW95 ya yule mteja haikuhitaji hata robo mzunguko.