Umeme wa bei ya kila nusu saa: pima kwanza jioni yako

Tangu mita janja, zinazotuma vipimo vyenyewe kwa kampuni ya umeme, zilipoenea hapa Uingereza, swali ninaloulizwa sana na Waswahili wenzangu ni hili: je, nihamie kwenye umeme ambao bei yake inabadilika kila nusu saa, au nibaki kwenye bei moja ya kutwa kucha? Kazi yangu ni kukagua matumizi ya umeme majumbani, na kabla sijajibu huwa nauliza kitu kimoja. Kati ya saa kumi alasiri na saa moja jioni, nyumba yako inakula uniti ngapi?

Sote tuliolelewa na LUKU au tokeni tumezoea kuhesabu kiasi. Tanzania, mwenye kutumia uniti 75 au pungufu kwa mwezi yuko daraja la D1 na analipa shilingi 100 kwa uniti. Akivuka, bei inampanda. Kenya, bei ya tokeni hucheza mwezi hadi mwezi kwa sababu ya gharama za mafuta na thamani ya shilingi, lakini ndani ya mwezi huo pasi ya saa mbili asubuhi na pasi ya saa mbili usiku zina gharama ileile kwa mwananchi wa kawaida. Kwenye mkataba wa kila nusu saa, hesabu hiyo ya kiasi haikufikishi mbali. Nyumba mbili zinaweza kutumia uniti sawasawa kwa mwezi, moja ikafaidika na nyingine ikaumia.

Tuchukue mkataba wa Agile wa kampuni ya Octopus Energy, ulioanza mwaka 2018, maana ndio unaojulikana zaidi. Kila siku alasiri kampuni inatangaza bei za kesho, nusu saa kwa nusu saa, bei 48 kwa siku nzima. Zinatokana na soko la jumla, ambako kampuni hununua umeme kwa wazalishaji, na soko hilo linakwenda kama samaki pale Feri, Dar es Salaam: mashua zikiingia nyingi bei inashuka, bahari ikichafuka inapanda. Mashua hapa ni mitambo ya upepo na paneli za sola. Usiku wa upepo mkali, au Jumapili ya kiangazi yenye jua, umeme unazidi mahitaji na bei inaweza hata kwenda chini ya sifuri, ukalipwa kwa kuutumia. Jioni ya Januari yenye baridi na isiyo na upepo, gridi inategemea mitambo ya gesi, na mtambo wa mwisho kuitwa kazini, ulio ghali kuliko wote, ndio unaoweka bei ya umeme wote unaouzwa saa hiyo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni wanapotazama grafu nzuri kwenye simu. Agile haikupi bei ya soko kama ilivyo. Bei ya jumla inazidishwa kwa kizidisho cha eneo unaloishi, ili kulipia nyaya na gharama nyingine, kisha kati ya saa kumi na saa moja jioni panaongezwa peni kumi na kadhaa juu ya kila uniti. Ndiyo maana jioni ni ghali karibu kila siku, hata upepo ukivuma. Nyongeza hiyo ipo kwenye fomula yenyewe, kwa hiyo usikae ukiomba hali ya hewa ikuokoe saa hizo.

Sasa hesabu. Mwaka 2025 mdhibiti wa nishati, Ofgem, alichukulia kwamba nyumba ya kawaida inatumia uniti 2,700 za umeme kwa mwaka, yaani 7.4 kwa siku. Mwaka huohuo bei kikomo anayoipanga ilikuwa kati ya peni 25 na 27 hivi kwa uniti. Tuseme bei yako ya sasa ni peni 25: siku moja ni peni 185, ukiacha ada ya kila siku ambayo utailipa popote ulipo. Upande wa pili tuweke bei za mfano: usiku peni 15, mchana 20, jioni 38. Familia inayorudi nyumbani saa kumi na moja, ikawasha oveni, mashine ya kufulia na mashine ya kukaushia kwa pamoja, inaweza kutumia uniti 3 jioni, 3 mchana na 1.4 usiku. Jumla yake ni peni 195. Imehamia kwenye bei "nafuu" na inalipa zaidi.

Familia hiyohiyo ikiondoa uniti 1.5 jioni na kuzipeleka usiku, siku inashuka hadi peni 160 na nusu. Kwa mwaka, tofauti na bei ya kawaida ni kama pauni 89. Hakuna kifaa kilichonunuliwa wala aliyekaa gizani. Kwa bei hizi za mfano, mpaka uko karibu na theluthi moja: ukitumia zaidi ya theluthi ya umeme wako katika yale masaa matatu ya jioni, kaa mbali. Ukiwa chini ya robo, una sababu nzuri ya kujaribu.

Kupima si kazi ngumu. Kama mita yako inatuma vipimo vya kila nusu saa, iombe kampuni takwimu zako, uchukue mwezi mmoja wa baridi na mmoja wa kiangazi, uzizidishe na bei za Agile za siku zilezile. Bei za nyuma ziko wazi mtandaoni. Bila takwimu hizo, soma mita saa kumi na saa moja jioni kwa wiki nzima, wikendi zikiwemo, ujumlishe uniti za jioni, kisha ugawanye kwa uniti zote za wiki. Usikisie. Watu wengi wanadhani taa na televisheni ndizo zinazowamaliza, kumbe taa za LED za nyumba nzima hazifikii oveni moja. Umeme wa nyumbani unaliwa na vitu vinavyozalisha joto: birika la kilowati 3, oveni, bafu la umeme la kilowati 8 au 9, na mashine ya kukaushia nguo.

Baada ya kupima, jiulize ni kipi kinachohamishika. Kufua kunahamishika, kuosha vyombo pia, na tangi la maji ya moto lenye hita ya umeme linahamishika vizuri kabisa. Gari la umeme ndilo mfalme: uniti 8 za kulichaji usiku zinaokoa peni 80 kwa siku katika mfano wetu, kabla hujagusa kitu kingine. Mwenye gari, au mwenye betri ya ukutani, simkatazi hata kidogo, ingawa mwenye gari alinganishe pia na mikataba ya bei mbili yenye masaa maalumu ya usiku, maana hiyo haimlazimu kutazama simu kila siku. Wenzetu wengi wanaofanya kazi za zamu hospitalini na kwenye nyumba za wazee nao wana nafasi nzuri, kwa sababu saa za jioni mara nyingi hawapo.

Kupika ndiko kugumu. Kama jiko lako ni la gesi, jambo hili halikuhusu sana. Kama ni la umeme, zingatia Ramadhani. Miaka hii inaangukia Februari na Machi, jua la London likizama baada ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo maandalizi yote ya futari, sambusa, uji, tambi, maharage ya nazi, yanaingia palepale kwenye saa ghali. Kinachosaidia ni kuchemsha maharage na nyama mchana, au usiku uliotangulia baada ya kula daku, jioni yakabaki ya kupasha na kukaanga tu. Kukaanga sambusa mapema ili kuokoa peni kumi sikushauri. Futari ni futari.

Kuna nyumba ambazo nazishauri waziwazi zisihamie. Nyumba inayopashwa joto kwa hita za kawaida za umeme, zisizohifadhi joto. Nyumba yenye mtoto mchanga, mzee, au mgonjwa anayetegemea mashine. Bei ya juu ikitangazwa siku ya baridi kali, mama mwenye wasiwasi wa fedha atazima hita, na hapo hasara haipimwi tena kwa peni. Na usiache mashine ya kukaushia ikizunguka watu wote wamelala kwa sababu saa tisa usiku ni nafuu. Zimamoto wanalionya hilo kila mwaka, na mchana kati ya saa saba na saa tisa mara nyingi bei si mbaya.

Mtu akiniambia hatari ni ndogo, namkumbusha Texas. Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipoiangusha mitambo, bei ya jumla ilipandishwa hadi dola 9 kwa uniti na ikabaki huko kwa siku kadhaa. Wateja wa Griddy, kampuni ya umeme ya huko, waliopewa bei ya soko bila kizuizi, walipata ankara za maelfu ya dola. Mwezi uliofuata kampuni ikafilisika. Agile ina ukomo wa peni 100 kwa uniti, na hiyo ni kinga ya kweli. Lakini peni 100 ni mara nne ya bei ya kawaida, kwa hiyo hakikisha una akiba ya kubeba wiki moja mbaya ya Desemba bila kukopa.

Bei za chini ya sifuri zisikuvute. Ukitumia uniti 5 kwa peni 5 hasi, umepata peni 25. Zipokee zikija, ila usizipangie bajeti.

Ukiamua kuingia, ingia Aprili badala ya Novemba. Utakuwa na miezi ya jua ya kujifunza kuhamisha kufua na maji ya moto, na kiasi unachookoa ukiweke kando kwa ajili ya baridi. Mwisho wa Oktoba, saa zinaporudishwa nyuma, pima tena jioni zako kwa wiki moja. Zikivuka theluthi, rudi kwenye bei moja kabla Desemba haijafika, na kabla ya kusaini popote soma kama mkataba una faini ya kuondoka mapema.