Je, wajua kwa nini mchezo wa Legacy of Kain: Defiance unakulazimu kuwa maadui wawili?

Michezo mingi ya video yenye wahusika wawili humwachia mchezaji hiari: achague mmoja mwanzoni na kwenda naye mpaka mwisho, au awabadilishe atakavyo kwa kubonyeza kitufe. Legacy of Kain: Defiance, uliotengenezwa na studio ya Crystal Dynamics ya Marekani na kutolewa na kampuni ya Eidos mwishoni mwa mwaka 2003 kwa ajili ya PlayStation 2, Xbox na kompyuta, hautoi hiari hiyo. Mchezaji huanza akiwa Kain, mnyonya damu mzee mwenye kiburi, kisha hunyang'anywa Kain na kukabidhiwa Raziel, kiumbe mla roho ambaye shabaha yake kubwa ni kumuua Kain, na tangu hapo hupelekwa huku na huku kati ya wawili hao kwa amri ya hadithi. Kwa nini watengenezaji waliamua hivyo, na tutumie kipimo gani kusema kama walifaulu? Kujibu swali hilo kikamilifu hakuwezekani bila kuutaja mwisho wa hadithi, kwa hiyo asiyetaka kuujua aahirishe kusoma.

Jibu linaanzia miaka saba kabla ya mchezo wenyewe. Blood Omen, mchezo wa kwanza wa mfululizo huu, ulitoka mwaka 1996. Humo Kain ni bwana wa ukoo wa kifahari anayeuawa njiani, kisha kufufuliwa akiwa mnyonya damu ili alipize kisasi, na mwishoni huwekewa uamuzi mgumu: ajitoe mhanga ili nchi ya Nosgoth ipone na kizazi cha wanyonya damu kitoweke, au akatae na kutawala juu ya magofu. Mfululizo uliendelea kwa kuchukulia kwamba alikataa. Kisha ukaja Soul Reaver mwaka 1999, na mchezaji akahamishiwa kwa Raziel, jemadari wa Kain, ambaye kosa lake lote lilikuwa kuota mabawa kabla ya bwana wake. Kain aliing'oa mifupa ya mabawa yale kwa mikono yake na kuamuru Raziel atupwe katika Ziwa la Wafu. Raziel alirudi akiwa na mwili uliochakaa, hana taya la chini, na badala ya kiu ya damu akawa na njaa ya roho. Mchezo ule wote ni msako wa kumtafuta Kain.

Kwa hiyo aliyeufuata mfululizo tangu mwanzo alifika mwaka 2003 akiwa amewahi kuwa Kain, na akiwa amemchukia Kain kwa niaba ya Raziel. Hakuna upande mmoja ambao angepewa peke yake akaridhika nao. Soul Reaver 2 wa mwaka 2001 ulikuwa umekaza fundo zaidi ulipofichua kwamba roho yenye njaa iliyofungiwa ndani ya upanga wa Kain, ule upanga ulioitwa Soul Reaver, ni Raziel mwenyewe, kutokana na safari za kurudi nyuma na kwenda mbele katika wakati ambazo zimeijaza hadithi hii. Amy Hennig, aliyeongoza uandishi na utengenezaji wa Soul Reaver, Soul Reaver 2 na Defiance, alikuwa na mzozo ambao usingeweza kuelezwa kwa kinywa kimoja.

Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya kweli ya Defiance. Kain anamtafuta Raziel kwa sababu anaamini kuwa Raziel ndiye kiumbe pekee mwenye uhuru wa kuyavunja majaaliwa yaliyokwisha kuandikwa. Raziel, kwa upande wake, anachochewa na kiumbe wa kale ajiitaye mungu, ambaye humwambia kila mara kwamba Kain ndiye chanzo cha maafa yote. Mchezaji anawasikiliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kama mzee wa mtaa anayeletewa ugomvi mmoja na pande mbili zisizokaa pamoja. Anajua ambayo Kain hayajui kuhusu Raziel, na ambayo Raziel hayajui kuhusu Kain. Wanapokutana katika kanisa kuu la Avernus na kupigana, kisha Raziel akautoa moyo wa Kain kifuani (ingawa Kain atanusurika), mchezaji hana upande wa kuushangilia, kwa maana mkono uliochomoa na kifua kilichopasuliwa vyote vimekuwa vyake muda mfupi uliopita. Mhusika mmoja tu asingeweza kuleta uchungu huo. Mngemfanya Kain kuwa adui wa mwisho wa kawaida, au mngemfanya Raziel kuwa msaliti, na hadithi ingekuwa nyepesi kwa kiasi kikubwa.

Waigizaji wa sauti wanastahili sehemu yao ya sifa. Simon Templeman humpa Kain utulivu wa mtu aliyezoea kutiiwa, na Michael Bell humpa Raziel hasira iliyochanganyika na majonzi. Tony Jay, mwenye sauti nzito ya yule mungu wa kale, huyafanya hata maneno ya faraja yawe na harufu ya hila. Mazungumzo yao ni marefu na yana lugha ya tamthilia, na sioni kuwa hilo ni kosa, kwani hadithi ya kigothi, pamoja na makaburi yake, makanisa yaliyobomoka na laana zinazorithiwa, inahitaji watu wanaosema kwa uzito.

Tukihama kutoka masikioni kwenda mikononi, tathmini inabadilika. Mchezo wa video hupimwa pia kwa kile ambacho vidole vinafanya, na hapa Kain na Raziel wanafanana mno. Wote wawili hushambulia kwa mfululizo wa mapigo ya aina moja, humrusha adui hewani na kumkata kabla hajatua, na wana nguvu ya kumsogeza mtu bila kumgusa na kumtupia katika moto au juu ya vyuma vilivyochongoka. Upanga wa kila mmoja hujaa nguvu kadiri unavyopiga, kisha huachilia pigo maalumu. Mmoja hunyonya damu na mwingine humeza roho, lakini kwa mchezaji matokeo ni yale yale: kiwango cha uhai kinapanda.

Mtu anaweza kuwatetea watengenezaji kwa hoja ambayo kwa hakika ni nzuri. Upanga wa Kain umebeba roho ya Raziel, na upanga wa Raziel, unaotoka mkononi mwake kama mwanga, ni roho ile ile bila chuma. Silaha ni moja katika hali mbili, basi si ajabu kwamba inapigana kwa namna moja. Nakubali kuwa hoja hiyo inaikamilisha hadithi. Hata hivyo haimwondolei mchezaji uchovu wa kupigana pambano lile lile kwa miili miwili, hasa anapopitishwa mara ya pili katika mahali alipokwisha kupita na mwenzake, kwa mfano jumba la Vorador, mnyonya damu mwingine, ambalo wote wawili hulitembelea.

Tofauti ya kweli iko nje ya mapigano, nayo inampendelea Raziel. Yeye hutoka katika ulimwengu wa vitu na kuingia ulimwengu wa roho, hupanda kuta, huelea kwa mabawa yake yaliyochanika, na upanga wake hujifunza nguvu mpya za moto, maji, hewa na nyinginezo, ambazo hufungua njia zilizokuwa zimezibwa. Mafumbo mengi yenye ladha yako kwake. Kain ana nguvu zaidi tangu mwanzo na huruka masafa marefu, lakini sura zake mara nyingi ni kutembea, kupigana, na kutembea tena. Kama angepewa aina yake mwenyewe ya kufikiri, yaani mafumbo ambayo ni mnyonya damu mzee tu anayeweza kuyatatua, mgawanyo huu ungekuwa na haki zaidi.

Kamera nayo ililalamikiwa tangu mchezo ulipotoka, na malalamiko hayo yana msingi. Imewekwa mahali maalumu kama kamera ya filamu, na mchezaji haruhusiwi kuizungusha kama alivyozoea katika Soul Reaver 2. Faida yake ni kwamba kila ukumbi huonekana kama ulivyokusudiwa kuonekana, ukiwa na nguzo ndefu na dari la mbali linalomfanya mtu ajione mdogo. Hasara yake hutokea wakati adui anapopiga kutoka nje ya picha, au pembe inapobadilika katikati ya mruko na mwelekeo wa mkono kugeuka.

Inafaa kuulinganisha mchezo huu na Castlevania: Portrait of Ruin, uliotolewa na Konami mwaka 2006 kwa Nintendo DS, ambao nao una wanyonya damu na wahusika wawili. Jonathan ni mtu wa silaha na Charlotte ni mtu wa uchawi, wote huweza kuwa pamoja kwenye skrini, na mchezaji hubadilishana kati yao papo kwa papo. Huko mikono inahisi vizuri kabisa kwa nini wako wawili, ilhali hadithi yao ingeweza kusimuliwa na mmoja bila kupoteza mengi. Defiance uko kinyume chake. Kipimo ninachokiamini ni kuuliza nini kingevunjika kama mmoja angeondolewa, na kukiuliza kwa hadithi na kwa vidole kando kando. Kwa upande wa hadithi, Defiance ungeanguka wote: Raziel ndiye anayekubali mwishoni kuingia ndani ya upanga na kumtakasa Kain, na ni kwa sababu hiyo tu Kain anaweza, katika sura ya mwisho, kumwona na kumkabili yule mungu wa kale aliyekuwa haonekani kwake. Kwa upande wa vidole, mngeondoa mafumbo kadhaa tu.

Kwa anayetaka kuujaribu leo, nashauri asianze nao. Soul Reaver na Soul Reaver 2 zilitolewa upya pamoja Desemba 2024 zikiwa na picha zilizoboreshwa, na ndizo zinazojenga chuki ambayo Defiance unakuja kuifungua. Anayeruka moja kwa moja mpaka wa mwaka 2003 atakutana na wapiganaji wawili wanaofanana na kamera isiyotii, na sehemu iliyo bora kuliko zote itampita bila yeye kujua ni ya nani.