Je, wajua kwa nini mbwa aliyetolewa kizazi huwa hatarini zaidi pale anapoanza kuchangamka?

Siku ya upasuaji mbwa jike huyumba, husinzia na huenda akakataa chakula. Kufikia siku ya tatu anakimbilia mlangoni akitikisa mkia, na mwenye mbwa anaamini kwamba amepona. Hajapona, kwa kuwa maumivu yamepungua lakini kidonda bado hakijajishika.

Daktari hupasua katikati ya tumbo, kwa kawaida chini kidogo ya kitovu, kisha akafunga tabaka tatu: ukanda mgumu mweupe unaounganisha misuli ya tumbo ya pande mbili, tishu yenye mafuta iliyo chini ya ngozi, na ngozi yenyewe. Kwa siku 3 hadi 5 za mwanzo mwili hushughulika zaidi na kusafisha: chembe nyeupe za damu huondoa vijidudu na seli zilizokufa. Kolajeni, protini ya kuunganisha kingo za jeraha, huongezeka baadaye. Kwa hiyo katika siku hizo tumbo limeshikwa na nyuzi za mshono tu. Mbwa akiruka kitandani, misuli hukaza na nyuzi hizo ndizo zinazobeba mvuto wote. Ngozi hufunga kwa siku 10 hadi 14, lakini ule ukanda wa ndani huchukua wiki nyingi kurudisha nguvu zake.

Ndiyo maana kwa siku 10 hadi 14 asikimbie, asiruke, wala asicheze na mbwa wengine. Mtoe kwa kamba fupi, dakika chache, ajisaidie na kurudi. Asiyetulia afungiwe chumba kidogo au kizimba. Purukushani pia husugua tabaka za chini ya ngozi, majimaji yakajaa katikati yake na kutokeza uvimbe laini usiouma sana. Mara nyingi mwili huyanyonya wenyewe. Usiuchome uvimbe huo kwa sindano nyumbani, maana utaingiza vijidudu. Mwoneshe daktari, kwa kuwa mshono wa ndani ulioachia nao hutokeza uvimbe unaofanana na huo.

Adui wa pili ni ulimi. Wengi husema mate ya mbwa ni dawa, na imani hiyo imeharibu mishono mingi. Kinywa cha mbwa kimejaa bakteria, ulimi hukwaruza ngozi changa, na meno ya mbele yanaweza kukata nyuzi kwa dakika chache. Mvishe kola ya koni, yaani kinga ya shingoni yenye umbo la faneli, inayopita ncha ya pua kwa sentimita 2 au 3. Ikiwa fupi ataufikia mshono. Avae usiku na mchana, hata akinung'unika. Wengi huivua kwa huruma usiku, na usiku huo ndio mbwa hupata nafasi ya kulamba bila kuonekana.

Kagua mshono asubuhi na jioni penye mwanga mzuri. Wekundu hafifu, uvimbe mdogo, michubuko kidogo na matone machache ya majimaji mekundu katika saa 24 za mwanzo ni kawaida. Kidonda kikiwa kikavu, kiache. Pakiwa na damu iliyokauka kandokando, chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, kisha gusagusa kwa shashi safi bila kusugua. Spiriti na haidrojeni peroksaidi ziweke mbali: huua pia seli zinazojenga ngozi mpya. Asiogeshwe mpaka daktari aruhusu.

Maumivu yatulizwe kwa dawa aliyoandika daktari wa mifugo pekee. Ibuprofeni na paracetamol za binadamu zinaweza kumuua mbwa.

Usaha, harufu mbaya, joto na wekundu unaozidi, au kingo zilizoachana vinahitaji daktari siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kutapika mara kwa mara, au kukataa chakula baada ya saa 24. Ufizi ukipauka na mbwa akilegea, huenda anavuja damu ndani, usingoje asubuhi. Utumbo au mafuta ya tumboni yakichomoza, usiyasukume ndani. Yafunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa yale maji ya chumvi yaliyopoa, mzuie asiyalambe, kisha mwahishe hospitali.